Mwenye Ploti Si Wewe Peke Yako

Gari likiegeshwa asubuhi chini ya mjakaranda pale Elgon View, mara nyingi halikai sana kabla ya kupata mgeni. Ni ndege mdogo, mweusi na mweupe, mwenye mkia mrefu usiojua kutulia, yule tuliyezoea kumwona akitembea juu ya kabro na kwenye mapaa ya mabati akidonoa wadudu. Hutua juu ya kioo cha pembeni, akainama kuchungulia, kisha akakivamia. Anakidonoa, anakiparamia kwa kucha, anateleza, anarudi juu kuvuta pumzi, anashuka tena. Kazi hiyo huweza kuendelea mpaka mwenye gari atoke na funguo mkononi, akute kioo kimejaa michirizi na mlango umepakwa kinyesi.

Wanaopita getini wana maelezo yao. Wengine husema ndege amerogwa, wengine husema anajipenda tu, amepata pa kujitazamia. Si hivyo. Ndege huyo, ambaye wataalamu humwandika Motacilla aguimp, yuko vitani. Uwanja ule, paa lile na kipande kile cha njia ni vyake yeye na mwenzi wake, na mle kiooni ameona ndege wa aina yake aliyeingia bila hodi. Kwa kawaida mvamizi akitishwa hutambua yuko ugenini, akanywea na kuondoka. Huyu wa kiooni haondoki. Ukimtunishia kifua naye anatunisha; ukimrukia anakurukia wakati uleule, kwa nguvu ileile. Hakuna adui mkaidi kama huyo, na ndiyo maana vita haviishi.

Dawa yake ni rahisi: kunja vioo, au vivishe soksi kuukuu. Mfuko wa plastiki ungefaa pia, ila mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na sidhani kuna hakimu atakayekubali utetezi wa ndege. Majira ya kutaga yakipita, hasira nazo hupungua.

Nimeanza na kioo kwa sababu ndipo watu wengi wa mjini wanapokutana mara ya kwanza na jambo ambalo huendelea kila siku pembeni mwao bila kuonekana. Eldoret ni mji unaoijua ardhi kwa namba. Wazee bado huuita Sisibo, kutokana na shamba namba 64 ulikoanzia, na hata baada ya kupewa hadhi ya jiji la tano la Kenya tarehe 15 Agosti 2024, mazungumzo ya vibanda vya chai yamebaki palepale: nani kauza, nani kanunua, hatimiliki imetoka au bado. Kapsoya, Kimumu, Maili Nne, Kapseret, kote kuna sevea na fundi wa ukuta. Hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa 100, karibu thumuni ya ekari, ndicho kipande ambacho mtu hujinyima miaka ili akinunue, akizungushie ukuta na kusema hapa ni kwangu.

Juu ya ramani hiyo ya sevea imetandazwa nyingine. Mipaka yake hutangazwa kwa sauti alfajiri na hulindwa kwa mabawa mchana. Mstari waweza kupita katikati ya jiko la jirani, ukakata barabara ya murami na kuishia kwenye kona ya kanisa. Ploti yako moja yaweza kuwa na wenyewe wa aina tano walioikalia kwa pamoja kwa amani, maana mnywa nekta hana shida na mla panzi. Ugomvi huzuka pale wawili wanapotaka kitu kilekile. Kwa hiyo anayetaka kuwatazama ndege wa uani, kabla ya kujua nani kamfukuza nani, atafute kwanza wanagombea nini.

Aanze na masikio. Saa kumi na mbili kasoro, wakati kwarara wanatoka walikolala na kupita juu ya mji wakipayuka, hutoka kwenye ua wa kaiyaba milio miwili mitatu ya sauti nzito na safi. Papo hapo, bila pengo, hufuata sauti nyingine ya kukwaruza. Aliye kitandani atadhani ni ndege mmoja mwenye ufundi. Ni wawili, dume na jike wa kipwe, Laniarius major: weusi mgongoni, weupe tumboni na mstari mweupe ubawani. Hupenda kujificha vichakani, na mtu anaweza kuishi nao miaka bila kuwaona vizuri hata siku moja.

Mwanasayansi William Thorpe wa Chuo Kikuu cha Cambridge alikuja Afrika Mashariki na vinasa sauti kwa ajili ya ndege wa jamii hii. Mwaka 1963 alichapisha vipimo vya muda wa kupokezana, na mwaka 1972 akatoa kazi nzima kuhusu nyimbo za jozi. Katika kipwe mwenye kifua chekundu, yule anayeonekana pande za Kisumu na ziwani, aligundua kwamba mwenzi hujibu baada ya takriban sehemu ya saba ya sekunde, na kwamba muda huo haubadiliki ila kwa kiasi kidogo mno. Aliona pia kwamba jozi huwa na mipangilio yao wenyewe ya milio. Hivyo wimbo unaotoka uani kwako si wa kipwe tu kwa ujumla. Ni wa wale wawili, na jirani zao wanajua ni wale wawili.

Kinachosemwa ndani ya wimbo huo kina pande mbili. Kwa nje ni tangazo: hapa pana watu, tena tuko wawili na tuko macho. Kwa ndani, kila mmoja anamchunga mwenziwe. Ulmar Grafe na Johannes Bitz, waliofanya kazi na vipwe katika hifadhi ya Comoé nchini Côte d'Ivoire, walichapisha mwaka 2004 matokeo yanayonifurahisha kila niyasomapo. Waliwapigia ndege sauti za wavamizi kwa spika, wakasubiri. Vipwe walikuwa na aina kadhaa za nyimbo za kupokezana, na mojawapo ilisikika hasa baada ya ugomvi kwisha na mvamizi kuonekana ameshindwa. Waandishi hao walijiuliza kama huo ni wimbo wa ushindi. Mimi, kwa kuwasikiliza hawa wa Kapsoya baada ya purukushani kwenye ua, sioni jina jingine la kuuita.

Hapa niseme jambo ambalo vitabu vingi vya ndege tunavyosoma hulipita haraka. Habari ya ndege kumiliki eneo iliandikwa kwanza kwa mapana Uingereza. Eliot Howard alitoa kitabu chake juu ya maeneo ya ndege mwaka 1920. David Lack akafuata mwaka 1943 na kitabu juu ya ndege mdogo wa kifua chekundu wa Ulaya; aliwaonyesha ndege wenye maeneo mwenzao aliyekaushwa, nao wakamshambulia; alipowawekea kishungi cha manyoya mekundu tu, wapo waliokishambulia nacho. Kazi nzuri zote mbili. Lakini picha iliyokaa vichwani mwa watu kutokana na maandiko ya huko ni ya dume anayeimba majira ya kuchipua, akapata eneo, akapata mke, akalea, kisha mambo yakaisha hadi mwaka ujao. Eldoret iko nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta. Mchana wa Disemba na mchana wa Juni hautofautiani kwa chochote unachoweza kukihisi. Kipwe hana sababu ya kuacha eneo lake na kulianza upya kila mwaka. Hulishikilia miezi yote kumi na miwili, mvua na kiangazi, na jike huimba na kupigana sawa na dume. Kwa upande wa dunia wenye ndege wengi zaidi, hiyo ndiyo kawaida. Walioandika vitabu vya mwanzo walitazama pembe moja yenye baridi wakaifanya kanuni.

Ukitoka kwa kipwe anayejificha, nenda kwa asiyejificha kabisa. Kwenye waya wa umeme, kwenye nguzo ya seng'enge, kwenye ncha ya antena, hukaa mbwigu, Lanius humeralis, kifua cheupe kimeelekea barabarani. Mgongo mweusi una alama mbili nyeupe mabegani, mkia mrefu mwembamba, mdomo umepinda kwenye ncha. Jike hutambulika kwa rangi ya kahawia nyekundu ubavuni. Weupe ule wa kifua huonekana kutoka mbali, na inavyoelekea ndio faida yake: mbwigu mwingine akipita huliona tangazo kabla hajakaribia. Ukitembea kwa miguu kandokando ya barabara yenye nguzo, hesabu nguzo kati ya mbwigu mmoja na anayefuata. Utaanza kuona mpaka ulipo, maana kuna mahali ukimsogelea huruka mbele, halafu kuna nguzo ambayo akifika haendelei tena, anazunguka kwa nyuma na kurudi alikotoka. Nguzo hiyo ndiyo bikoni yake.

Ana tabia moja isiyowapendeza wenye moyo mwepesi. Akikamata panzi mkubwa au mjusi humchomeka kwenye mwiba wa kaiyaba au kwenye ncha ya seng'enge. Miguu yake si ya tai, haina nguvu ya kushikilia nyama huku mdomo unararua, kwa hiyo mwiba humfanyia kazi ya kushikilia. Nimewahi kukuta panzi wa kijani kwenye seng'enge ya shamba la mahindi, ncha imepenya nyuma ya kichwa, mguu mmoja wa nyuma bado unajikunja na kujinyoosha, na hatua mbili kando yake kichwa cha mjusi kilichokauka. Mbwigu mwenyewe alikuwa kwenye mkaratusi akitukana. Kelele zile hazikuwa za bure, kwani kwake mimi nilikuwa nimesimama stoo.

Swali linalokuja hapo ni la gharama. Kulinda ni kazi. Ndege anayefukuza hali, na ndege asiyekula siku moja tu kwenye baridi ya Uasin Gishu, mita 2,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, anaweza asione asubuhi. Kwa nini basi ajisumbue? Jibu lililo bora kuliko yote niyajuayo lilitoka hapahapa Kenya, tena kwa ndege ambaye wenyeji wa nyanda za juu humwona bila kujua kwamba amekuwa somo la vyuo vikuu duniani kote.

Ndege huyo ni chozi wa mabawa ya dhahabu, Drepanorhynchus reichenowi, mwenye mdomo uliopinda kama mundu. Frank Gill na Larry Wolf, Wamarekani wawili, walimfuatilia kwenye maua ya Leonotis, ule mmea wa shina refu wenye maua ya rangi ya chungwa yaliyozunguka shina tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1975 wakachapisha hesabu yao. Maeneo waliyoyapima yalitofautiana sana kwa ukubwa, mengine madogo kama chumba na mengine mapana, lakini idadi ya maua ndani yake ilikuwa karibu ileile, kama 1,600 hivi. Chozi hakuwa akipima ardhi. Alikuwa akipima chakula cha siku.

Wakaingia kwenye kalori, zile ndogo za maabara, si zile zinazoandikwa kwenye pakiti za biskuti. Chozi akipumzika hutumia takriban 400 kwa saa. Akinywa nekta, 1,000. Akifukuza wavamizi, 3,000. Sasa tazama ua lenyewe. Likiwa na maikrolita moja ya nekta, chozi anahitaji saa 8 za kunywa ili akidhi mahitaji ya siku. Likiwa na mbili, saa 4 zinatosha. Likiwa na tatu, saa 2.7. Maua yanayolindwa hubaki na nekta zaidi, kwa kuwa hakuna mwingine anayeyanyonya. Kwa wastani chozi alitumia saa 0.28 kwa siku kulinda, yaani kama dakika 17.

Chukua chozi ambaye nje ya eneo lake angepata maua ya maikrolita mbili, na ndani ya ulinzi wake anapata tatu. Anaokoa saa 1.3 za kazi, ambazo atapumzika badala ya kunywa. Faida yake ni kalori 780. Ulinzi ule wa dakika 17 unamgharimu kalori 728 zaidi ya ambazo angetumia akipumzika. Amebaki na 52. Biashara imelipa, lakini kwa upenyo wa sindano. Kama nje kungekuwa na maikrolita moja na kwake mbili, angeokoa saa 4 nzima, kalori 2,400, na hapo kulinda ni lazima. Lakini maua yakijaa kila mahali, yakawa na tatu, nne, nje na ndani, akiba ya muda inakuwa ndogo mno kufidia mbio. Gill na Wolf waliona hivyo kwa macho: maua yakizidi, machozi huacha kulinda. Na yakiwa haba kupita kiasi, huacha pia, kwa kuwa hakuna cha kulinda.

Tangu nilipoielewa hesabu hiyo siwezi tena kutazama ua wa maua kwa namna ya zamani. Kwenye bustani za Eldoret anayeonekana zaidi ni chozi wa rangi ya shaba, Nectarinia kilimensis, dume jeusi kwa mbali na la kijani na dhahabu likipigwa na jua, mkia una manyoya mawili marefu. Mwezi wa maua machache hukaa kwenye kijiti kimoja kikavu juu ya mishubiri na kumrukia kila anayekaribia, awe chozi mwenziwe, awe nyuki. Mwezi ambao kila kitu kimechanua, pamoja na ule mti wa maua mekundu yenye umbo la brashi ya chupa unaopandwa kwenye kila lango la shule, kijiti kile huwa kitupu. Jirani atasema chozi amehama. Yupo, ila amepiga hesabu.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini wengine hawalindi chochote. Kuzumburu, wale wa rangi ya vumbi wenye mikia mirefu na kishungi, huja kwenye mpera kwa kundi, wakaning'inia miguu juu, wakala matunda, majani na machipukizi, wakaondoka. Shore aliyekuwa kwenye mpera huo tangu alfajiri, akiwafukuza shore wengine kwa bidii, hukaa pembeni kimya. Amfukuze yupi, amwache yupi? Mpera ukiiva huiva wote kwa wiki chache. Hakuna anayeweza kuumiliki. Minana nao wamegawanyika. Wapo wanaojenga kwa makumi kwenye mti mmoja, ambao ulinzi wao hauzidi urefu wa mdomo kutoka kwenye kiota. Na yupo mnana wa nyanda za juu, Ploceus baglafecht, manjano na nyeusi, jicho la manjano, anayeishi wawili wawili na kukataa mnana mwingine wa aina yake kwenye bustani nzima. Huyo naye ni mgomvi wa madirisha.

Fumbwe dume simwelewi vizuri na sijui kama kuna anayemwelewa. Akishavaa mkia wake mrefu wa majira ya kujamiiana, yeye mwenye uzito usiomzidi shomoro, huteremka pale mama anapopepeta mahindi, akawatimua shomoro, tetere na kila mwenye mdomo. Chakula chenyewe kinatosha wote. Hana hata kiota cha kulinda, kwani majike ya fumbwe hutaga kwenye viota vya ndege wengine na kuwaachia mzigo wa kulea. Kinacholindwa pale, nionavyo, ni jukwaa: mahali ambapo majike yatakuja kula na kumkuta amebaki peke yake.

Wenye kutazama kwa muda huona jambo jingine, nalo ni kwamba ukali haugawiwi sawa. Kipwe akimsikia jirani yake wa upande wa mashariki akiimba upande wa mashariki, hujibu kwa adabu na kuendelea kutafuta wadudu. Akisikia sauti ngeni kutoka palepale, hulipuka. Mwingereza James Fisher aliliandika hilo la ujirani mwaka 1954, na mwaka 1975 Bruce Falls na Ronald Brooks wakalijaribu Kanada kwa shomoro wa huko. Walipopiga sauti ya jirani kutoka mpaka wake wa kawaida, mwenye eneo hakujali sana. Walipoipiga sauti ileile ya jirani kutoka mpaka wa upande wa pili, alipandwa na hasira kama vile amemsikia mgeni. Ndege hakujua sauti tu. Alijua sauti ya nani inapaswa kutoka wapi. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, walisema wahenga, na ndege wamejengea maisha yao juu ya hilo. Jirani ana eneo lake, ameshashiba mipaka. Wa kuogopwa ni kijana asiye na pahali, anayepita akitafuta pengo.

Ndiyo maana mpaka ukishakubaliwa huwa tulivu, na ndiyo maana kila tunapoubomoa tunawasha moto. Ukuta wa mawe ukichukua nafasi ya ua wa kaiyaba, kipwe wa pande zote mbili hupoteza kichaka kilichokuwa mpaka na maficho na mahali pa kutagia kwa wakati mmoja. Wiki zinazofuata husikika makelele mengi, na mwenye nyumba hufurahi kwamba ndege wameongezeka. Hawajaongezeka. Wanapimana upya, na atakayeshindwa hana pa kwenda kwa kuwa ploti inayofuata nayo imewekwa kabro hadi ukutani. Kurumbiza, yule mwimbaji wa kifua cha rangi ya chungwa, huhitaji udongo wenye majani yaliyooza ili afukue wadudu. Kabro kwake ni jangwa. Anayefaidika ni yule wa mkia usiotulia, mpenda sakafu ngumu. Tunapochagua jinsi ya kutengeneza uwanja, tunachagua pia mpangaji.

Wapo ambao hata ua hauwatoshi. Uwanda wa Uasin Gishu ulikuwa nyasi tupu Makaburu walipofika na mikokoteni yao mwaka 1908 na kuanza kulima. Ngano na mahindi vilivyofuata vimelisha nchi, hilo halina ubishi. Lakini kuna ndege wa nyasi wa kifua cha manjano, Macronyx sharpei, asiyepatikana popote duniani nje ya nyanda za juu za Kenya, na eneo lake ni lazima liwe uwanda wazi wenye nyasi za mafungu. Hawezi kuishi kwenye bustani, hata bustani ya mtu mwema. Amewekwa kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka, pamoja na korongo taji, anayehitaji bwawa la kutagia lisilosumbuliwa. Hawa hawawezi kuokolewa na mtu mmoja mmoja nyumbani kwake, na ni vyema kusema hivyo waziwazi kuliko kudanganyana.

Najua pia kwamba kuna atakayesoma haya akiwa na mambo mengine moyoni. Eldoret ina kumbukumbu ya ghasia za baada ya uchaguzi za mwanzoni mwa 2008, na maneno mpaka na mgeni hayatamkwi hapa bila uzito. Sitafuti fumbo kwa ndege, na ningemwomba msomaji asitafute. Kipwe hana kisa cha babu yake, hana wa kumchochea, na kichaka kisipomlipa hukiacha bila kinyongo. Kinacholeta damu kati ya watu hakimo kwenye kaiyaba.

Kwa anayetaka kuanza, vifaa si hoja. Darubini husaidia, lakini ndege wa uani huwa karibu, na daftari lina faida zaidi. Chora ua wako juu ya karatasi: nyumba, miti, lango, kamba ya nguo. Kila ukiona kufukuzana, piga mstari kutoka alipoanzia hadi alipoachia. Kila ukisikia wimbo, weka nukta. Fanya hivyo saa ileile ya asubuhi kabla ya kwenda kazini, na baada ya wiki kadhaa nukta zitakuwa zimeanza kujikusanya na mistari itakuwa imeishia pamoja kwenye kona ambazo hukuzitarajia. Wanaopenda kuwa na wenzao wanaweza kupeleka orodha zao kwa Kenya Bird Map, mradi ulioigawa nchi vipande vya takriban kilomita 9 kwa 9 na kuhesabu ndege wa kila kipande kwa msaada wa watu wa kawaida. Nairobi ina matembezi ya Jumatano ya Nature Kenya, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971. Sisi huku tuna bahati kwamba matembezi yanaweza kuishia kwenye veranda.

Nina ombi moja kwa wenye simu, na ni wengi. Imekuwa mtindo kutafuta wimbo wa ndege kwenye intaneti na kuupiga kwa sauti ya juu ili mwenyewe ajitokeze apigwe picha. Atajitokeza, tena kwa kasi. Lakini kumbuka ile bei ya chozi, mara tatu ya gharama ya kula, na kumbuka kwamba mvamizi unayemtengenezea hashindiki, sawa na yule wa kiooni. Wanasayansi hufanya hivyo kwa kipimo na kwa sababu. Wewe subiri saa kumi na mbili kasoro, atajitokeza mwenyewe bure.

Na anayejenga mwaka huu, kabla hajamwita fundi wa ukuta, aache upande mmoja tu wa ploti uwe ua wa miti hai. Kaiyaba ikishashika huzuia ng'ombe, huzuia mwizi, na haihitaji saruji.